Aniceti Kitereza, Mwandishi wa Ukerewe

Zamani, dola ya Roma ilipoanguka na Ulaya ikavurugika kwa vita, elimu ilipata hifadhi katika nyumba za watawa. Humo wamonaki walinakili vitabu kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Mmoja wao, Mtakatifu Beda wa Uingereza, aliyefariki mwaka 735, aliandika historia ya watu wake kwa Kilatini, na siku zake za mwisho alikuwa akiifasiri Injili ya Yohane katika lugha ya nyumbani. Wako wadhanio kwamba kazi ya namna hiyo ni ya Ulaya tu. Sivyo. Sisi tukaao Suguti, upande wa Musoma, tunaye jirani wa ziwani aliyeifanya.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Angali mtoto alipelekwa shule ya misioni ya Kagunguli, akabatizwa, na mwaka 1909 akaingia seminari ya Rubya, katika nchi ya Bukoba. Huko alisoma miaka kumi: Kilatini, Kigiriki, Kijerumani, falsafa na elimu ya dini.

Hakuwa padre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Mungu aliwajalia watoto, lakini wote walifariki wangali wadogo. Mume asiye na mrithi, kwa desturi za siku zile, alihimizwa kutafuta mke mwingine. Kitereza hakukubali, alikaa na Anna wake mpaka uzeeni, akiitumikia misioni kwa kufundisha dini na kufasiri maandiko kwa Kikerewe.

Alipoona mambo ya mababu yanasahauliwa, alishika kalamu. Padre Almas Simard, wa Shirika la Mapadre Weupe, alimtia moyo, na mwaka 1945 kitabu kikamalizika. Ni habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, waliokawia kupata mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao; mume anakwenda kumkomboa, naye anatozwa pombe ya ndizi, ambayo majirani wanamsaidia kuipika. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, dawa, posa na misiba, kila jambo kwa utaratibu wake. Nasi twaona kwamba aliyeyaandika hayo aliyajua machozi ya nyumba isiyo na mtoto.

Lakini hakupatikana wa kukipiga chapa kitabu cha lugha ya watu wachache. Miaka ikapita. Hatimaye mzee mwenyewe, viungo vikimwuma, alikifasiri chote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikakichapisha, kikiwa na tarehe ya mwaka 1980. Ila nakala zilichelewa njiani, na Kitereza akafariki mwaka 1981 kabla ya kukishika mkononi. Baadaye kilifasiriwa kwa Kijerumani na Kiingereza.

Wasomaji wapenzi, Kijita chetu na Kikerewe ni ndugu wa tumbo moja. Hapa Suguti, kama kwenu, wako wazee wayajuao majina ya samaki, ya miti ya dawa na ya mababu waliovuka ziwa. Watoto wetu wana kalamu na daftari. Basi, jioni moja wiki hii, tumketishe mtoto miguuni pa babu yake, aulize na kuandika. Kitereza hakungoja kuona matunda, alipanda tu.