Dk. Min Chiu Li: Alitimuliwa kazini kwa kukataa kusimamisha dozi, kumbe ndiye aliyekuwa sahihi

Mwaka 1957, daktari mmoja mzaliwa wa China alitakiwa kuondoka katika taasisi kubwa ya saratani ya serikali ya Marekani. Hakuiba dawa wala hakughushi matokeo. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliendelea kuwapa dawa kali wanawake ambao wenzake waliona wameshapona.

Jina lake ni Min Chiu Li. Nje ya dunia ya madaktari si wengi wanaomjua, lakini kila mgonjwa wa saratani anayeambiwa leo arudi kwa dozi nyingine ingawa uvimbe umeshaondoka, anafuata njia aliyoipigania huyu bwana.

Alitoka wapi?

Li alizaliwa mwaka 1919 katika mji wa Mukden, kaskazini mashariki mwa China, ambao leo unaitwa Shenyang. Alisomea udaktari hukohuko nyumbani. Mwaka 1947 akasafiri kwenda Marekani kuongeza masomo katika Chuo Kikuu cha Southern California, mjini Los Angeles.

Alipokuwa huko, mambo ya nyumbani yakabadilika. Mwaka 1949 Wakomunisti wakashika nchi. Safari ya masomo ikageuka kuwa maisha ya ugenini moja kwa moja.

Alifanya kazi New York katika hospitali ya saratani ya Memorial, kisha mwaka 1955 akahamia Bethesda, jimbo la Maryland, kwenye Taasisi ya Taifa ya Saratani, inayojulikana kwa kifupi kama NCI. Huko akawa chini ya Dk. Roy Hertz, bingwa wa mambo ya homoni.

Ugonjwa wenyewe ulikuwaje?

Hapa tuelewane kidogo. Mwanamke akishika mimba, kuna tishu zinazotengeneza kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni. Mara chache sana, tishu hizo hugeuka saratani. Ugonjwa huo unaitwa koriokasinoma.

Unaweza kuja baada ya mimba kuharibika, baada ya kujifungua kawaida kabisa, na zaidi baada ya ile mimba isiyo ya kawaida inayoitwa mimba zabibu, ambapo kinachokua tumboni ni vifuko vidogo vya maji badala ya mtoto.

Enzi hizo, ukiambiwa koriokasinoma imeshafika kwenye mapafu, ndugu walianza kujiandaa kwa msiba. Saratani hii husambaa haraka na hutoa damu nyingi. Upasuaji haukusaidia ikishasambaa, na wagonjwa wengi walifariki ndani ya mwaka mmoja. Na wengi wao walikuwa wasichana na kina mama wadogo, wengine wameacha kichanga nyumbani.

Dawa ilikuwepo, ila hakuna aliyeiamini sana

Miaka michache kabla, Dk. Sidney Farber wa Boston alikuwa ameonyesha kwamba dawa zinazoizuia asidi ya foliki zinaweza kuirudisha nyuma saratani ya damu kwa watoto. Asidi ya foliki ndiyo ile iliyomo kwenye vidonge vya fefo wanavyopewa wajawazito kliniki. Seli zinaihitaji ili zigawanyike. Ukiizuia, seli zinazokua kwa kasi zinakwama.

Mwaka 1951, Dk. Jane Wright na wenzake wa Hospitali ya Harlem, New York, nao wakaonyesha kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kupunguza hata uvimbe mgumu, ukiwemo wa saratani ya titi. Mama huyu ndiye ambaye baadaye, mwaka 1961, alifika Kenya kutibu wagonjwa wa saratani.

Tatizo ni kwamba nafuu haikudumu. Uvimbe ulisinyaa, ndugu wakafurahi, halafu baada ya miezi ugonjwa ukarudi na nguvu mpya. Madaktari wengi wakaamini kwamba dawa hizi zinaongeza siku tu, haziponyi.

Moja ya dawa hizo ni methotreksati. Hertz alikuwa ameshaona katika maabara kwamba viungo vya uzazi vya vifaranga vya kuku vikikosa asidi ya foliki, havikui hata ukivipa homoni. Sasa kama tishu za uzazi zinaitegemea asidi hiyo kiasi hicho, itakuwaje ukiizuia kwa mwanamke mwenye saratani ya tishu za mimba? Hilo ndilo Li alitaka kulijua.

Mwaka 1956 wakajaribu

Mgonjwa wa kwanza aliletwa akiwa na hali mbaya. Saratani ilikuwa imejaa kwenye mapafu na damu ilikuwa inavuja ndani ya kifua. Li na wenzake wakampa methotreksati. Kwa kweli hakukuwa na kitu kingine cha kumpa.

Hakufa. Damu ikakoma. Dozi zikaendelea kwa awamu, siku kadhaa za dawa kisha mapumziko ili mwili upate nguvu. Eksirei za kifua zikaanza kubadilika: yale madoa yakapungua, yakafifia, mwisho yakatoweka. Wagonjwa wengine wakafuata, na baadhi yao wakapata nafuu ileile. Mwaka huohuo wakachapisha taarifa ya kwanza.

Kwa mara ya kwanza, saratani ngumu iliyokwisha kusambaa mwilini ilikuwa inaondolewa kwa dawa tu.

Hapo ndipo mgogoro ulipoanza

Koriokasinoma ina kitu kimoja cha ajabu. Kwa kuwa inatokana na tishu za mimba, inatoa homoni ya mimba, ile inayofupishwa hCG. Ndiyo hiyohiyo inayofanya kipimo cha mimba cha duka la dawa kionyeshe mistari miwili.

Kwa hiyo Li hakutegemea eksirei peke yake. Alipima kiwango cha homoni hiyo kwenye mkojo wa wagonjwa. Akagundua jambo lililomnyima raha: mapafu yanaonekana safi, mgonjwa anatembea na kula vizuri, lakini homoni bado ipo. Kidogo, lakini ipo.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mwanamke huyu hana mimba. Kama homoni ipo, kuna kitu kinaitengeneza, na kitu hicho ni mabaki ya saratani ambayo jicho haliyaoni. Basi dozi ziendelee mpaka homoni iishe kabisa.

Wenzake hawakukubali, na tuwe wa haki, walikuwa na sababu. Methotreksati si dawa ya mchezo. Inaleta vidonda mdomoni, inashusha chembe nyeupe za damu, na ikizidi inaua. Mgonjwa hana uvimbe hata mmoja unaoonekana, halafu wewe unaendelea kummiminia sumu kwa sababu ya namba ya maabara? Kwa macho yao, Li alikuwa anafanya majaribio juu ya binadamu.

Li akagoma kusimamisha. Akatakiwa aondoke.

Muda ukatoa hukumu

Baada ya Li kuondoka, wagonjwa waliendelea kufuatiliwa. Picha ikajitokeza yenyewe. Wale waliosimamishiwa dawa mapema, homoni ikiwa bado ipo, ugonjwa uliwarudia. Wale waliotibiwa mpaka homoni ikaisha walibaki wazima, mwaka baada ya mwaka.

Hertz aliendelea na kazi pale NCI. Kufikia mwaka 1961, taarifa ya miaka 5 ilionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake waliokuwa na ugonjwa uliosambaa walikuwa wamesafika kabisa. Kwa ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo, hilo lilikuwa jambo kubwa mno. Na kipimo cha homoni kikawa ndicho kinachoamua lini dozi zisimame, vilevile Li alivyotaka.

Yeye alikuwa amerudi New York, Memorial. Hakukaa kulalamika. Mwaka 1960, yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuchanganya dawa 3 dhidi ya saratani ya korodani iliyosambaa, wakati madaktari wengi bado walikuwa wanatumia dawa moja moja. Baadaye alihamia Hospitali ya Nassau, huko Mineola, jimbo la New York, ambako alifanya utafiti wa kuwapa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana dawa baada ya upasuaji, hata kama hakuna uvimbe uliobaki kuonekana. Wazo ni lilelile.

Tuzo ikaja mwaka 1972

Miaka 15 baada ya kuondolewa, Li alipewa Tuzo ya Lasker, moja ya tuzo kubwa kabisa za tiba duniani. Alitajwa pamoja na Hertz, yule bosi wake wa zamani.

Kwenye orodha ya mwaka ule kulikuwa pia na watu walioifanyia kazi Afrika: Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeieleza dunia saratani ya taya ya watoto akiwa Mulago, Kampala, John Ziegler wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na Victor Anomah Ngu wa Cameroon. Wote walituzwa kwa sababu walionyesha kwamba dawa zinaweza kuifuta saratani.

Li alifariki mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 60 na kidogo.

Amewaachia nini wanawake wa leo?

La kwanza, wanawake wengi wako hai. Leo zaidi ya asilimia 90 ya wanaopata koriokasinoma itokanayo na mimba wanapona wakitibiwa ipasavyo, na wengi wao huzaa tena baadaye. Methotreksati bado inatumika, na ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

La pili ni wazo lenyewe: saratani isiyoonekana bado ni saratani. Mwaka 1976, Dk. Gianni Bonadonna wa Milan, Italia, alionyesha kwamba wanawake wenye saratani ya titi iliyofika kwenye tezi za kwapa, wakipewa mchanganyiko wa dawa 3 baada ya upasuaji, ugonjwa hauwarudii kwa wingi kama wale waliofanyiwa upasuaji tu. Moja ya dawa hizo 3 ni methotreksati. Ndiyo maana mama aliyetolewa uvimbe wa titi anaweza kuambiwa aanze kemo hata kama anajisikia mzima.

Na ndiyo maana mwanamke aliyesafishwa mimba zabibu huambiwa arudi kupima homoni mara kwa mara, na asishike mimba nyingine mpaka daktari aruhusu. Wengine wakiona wamepata nguvu, hawarudi. Nauli ni shida, foleni ni ndefu, na mwili haudai chochote. Lakini hapo ndipo ugonjwa huu unapojificha. Damu isiyoeleweka baada ya kujifungua au mimba kuharibika, kipimo cha mimba kinachokataa kurudi hasi, au kikohozi chenye damu miezi michache baadaye, si mambo ya kusubiri yapite.

Ukipewa tarehe ya kurudi, rudi. Daktari anayekuambia dozi bado hazijaisha huenda anakiona kitu ambacho wewe hukisikii mwilini.