ABRAHAM DE MOIVRE, MKIMBIZI ALIYEHESABU KARATA

Karata zinakatazwa katika internati yetu, na sisi wa kalasi ya sita ndio tunapita usiku kuzikamata. Lakini siku ya probabilite profesa wa matematiki anaziandika zote 52 kwenye ubao, na hakuna wa kukataza. Basi tumwone mtu mmoja aliyezitengenezea hesabu nzuri.

Abraham de Moivre alizaliwa tarehe 26 Mei 1667 kule Vitry-le-François, Ufaransa, katika jamaa ya Kiprotestanti. Akiwa na miaka 11 walimtuma chuo cha Waprotestanti cha Sedan, lakini serikali ya mfalme ikakifunga. Mwaka 1685 Louis wa 14 akafuta sheria ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu tangu 1598. Kijana akakimbilia London.

Kule alipata taabu. Akili alikuwa nayo, lakini hakuna universite iliyompa kazi, alikuwa mgeni tu. Akazunguka nyumba kwa nyumba akifundisha watoto wa matajiri. Kitabu kigumu cha Newton cha 1687 alikipasua, akatia karatasi chache mfukoni na kuzisoma njiani. (Sisi tukipasua kitabu cha masomo, tunalipa!) Mwaka 1697 Royal Society ikamkubali.

Kitabu chake cha bahati, The Doctrine of Chances, kilitoka 1718, akakiongeza 1738. Humo anaonyesha mafungu mawili, kila moja karata 13. Kutoa asi katika fungu hili na asi katika lile ni 1/13 × 1/13, ni kusema 1/169. Lakini katika fungu moja tu, kutoa asi kwanza na mbili nyuma yake ni 1/13 × 1/12, yaani 1/156, sababu karata ya kwanza imekwisha kutoka, zinabaki 12. Njo pale wengi wetu tulianguka katika intero: tuliulizwa asi mbili katika karata 52 bila kurudisha, tukaandika 1/169. Kumbe ni 4/52 × 3/51, maana yake 1/221.

Wacheza kamari walimlipa kwa hesabu kama hizo, lakini alizeeka maskini. Mwaka 1754 Akademi ya Paris, katika inchi ile ile iliyomfukuza, ikamchagua, naye ana miaka 87. Alikufa London tarehe 27 Novemba mwaka ule ule.