Mama Maria Montessori na Wazee Wetu

Sisi tuliosomea ualimu chuoni tulimjua Mama Maria Montessori kama mwalimu wa watoto wadogo. Tulichelewa kujua kwamba kazi yake ingekuja kuwafaa hata wazee wetu.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji wa Chiaravalle, Italia. Mwaka 1896 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma, wakati ambapo wanawake madaktari nchini mwake walikuwa wa kuhesabika. Kazi ilimkutanisha na watoto wenye upungufu wa akili waliofungiwa pamoja na wagonjwa wa akili. Aliona kwamba wakipewa vitu vya kugusa na kupanga, akili zao huamka.

Tarehe 6 Januari 1907, sikukuu ya Epifania, alifungua Nyumba ya Watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Watoto walifagia, walimimina maji, walifunga vifungo. Mwalimu alionyesha taratibu, kisha akakaa kando. Hakumfanyia mtoto jambo ambalo mtoto aliliweza. Mwaka 1939 Mama Montessori alikwenda India, na vita ikamweka huko hadi 1946, akifundisha walimu. Alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952.

Katika miaka ya 1990 mwanasaikolojia wa Marekani, Cameron Camp, aliipeleka njia hiyo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Ugonjwa huo huondoa majina na siku, lakini mazoea ya mikono hukawia kupotea.

Hapo tulijikumbuka wenyewe. Mama yetu mzazi alipoanza kusahau, nyumbani kwetu hapa Kinondoni, tulimnyang'anya ungo tukidhani tunampumzisha. Akawa anazunguka uani, akilia kutaka kwenda kwao. Siku moja alimwona mjukuu anachambua mchele. Akaketi jamvini, akauvuta ungo, na mikono yake ikaondoa chuya na mawe bila kukosea. Majina yetu yalikwisha kumpotea, lakini siku ile alitulia hadi magharibi.

Ndugu zetu, huu ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, wala si utoto wa pili. Mpeni mzee mahindi ya kupukuchua, au khanga za kukunja. Mwonyesheni kwa kutenda, bila maneno mengi. Akikosea, si kitu. Kuwaheshimu baba na mama ni pamoja na kuwaachia kazi ya mikono yao.