Gary Gygax

Ernest Gary Gygax (27 Julai 1938 – 4 Machi 2008) alikuwa mwandishi na mbunifu wa michezo kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni, pamoja na Dave Arneson, mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao ni mchezo wa kwanza wa kuigiza wahusika kuchapishwa kwa ajili ya kuuzwa. Aliandika pia visa vingi vya kuchezea mchezo huo, na baadhi yake bado hutumika kama kipimo cha ubora wa visa vya aina hiyo.

Maisha ya awali

Gygax alizaliwa mjini Chicago, katika jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi, mpiga fidla ambaye baadaye aliuza suti. Mwaka 1946 familia ilihamia Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Huko alipenda kusoma hadithi za kubuni za mashujaa na wachawi, pamoja na kucheza sataranji na michezo ya vita ya mezani. Hakumaliza shule ya sekondari. Mwaka 1958 alimwoa Mary Jo Powell, wakapata watoto 5.

Kwa miaka kadhaa alifanya kazi katika kampuni ya bima mjini Chicago. Mwaka 1968 alianzisha mkutano wa wapenzi wa michezo uitwao Gen Con, ambao unaendelea kufanyika kila mwaka hadi leo. Alipopoteza kazi ya bima mwaka 1970, alitunza familia yake kwa kushona viatu huku akiandika kanuni za michezo.

Kuanzishwa kwa mchezo

Mwaka 1971 Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kitabu cha kanuni za vita vya zama za kati. Arneson alizitumia kanuni hizo katika mchezo wake wa Blackmoor, ambamo kila mchezaji alimwongoza mhusika mmoja badala ya jeshi zima. Gygax aliuona mchezo huo, akaupenda, na wawili hao wakashirikiana kuukuza.

Mwaka 1973 Gygax na rafiki yake Don Kaye waliunda kampuni ya TSR. Dungeons & Dragons ilitolewa mwaka 1974 katika nakala 1,000, kila moja ikiwa na vijitabu 3 ndani ya kisanduku. Kati ya 1977 na 1979 Gygax aliandika vitabu vikubwa 3 vya Advanced Dungeons & Dragons. Arneson alifungua kesi mwaka 1979 akidai sifa na malipo yake. Walipatana nje ya mahakama mwaka 1981.

Visa vilivyochapishwa

Katika mchezo huu mtu mmoja huwa mwendeshaji: yeye hueleza mahali, huigiza maadui na huamua matokeo kwa kufuata kanuni na dadu. Kisa kilichochapishwa humpa ramani, maelezo ya vyumba, viumbe, mitego na hazina. Mwanzoni TSR ilidhani kwamba kila mwendeshaji angependa kutunga kisa chake mwenyewe. Kampuni nyingine ndogo zilipoanza kuuza visa mwaka 1976, ikaonekana kwamba wanunuzi wapo.

Visa vya kwanza vya Gygax viliandikwa kwa ajili ya mashindano, ambapo makundi mengi hupewa kisa kilekile ili yalinganishwe. Tomb of Horrors, yaani Kaburi la Vitisho, kilichezwa mwaka 1975 na kuchapishwa mwaka 1978. Kina maadui wachache na mitego mingi. Kwa mfano, mhusika anayeingia katika kinywa cha sanamu moja ya ukutani hutoweka kabisa, bila dadu kurushwa. Kisa hiki kina pia kijitabu cha picha za kuwaonyesha wachezaji. Wapo wanaokisifu kwa kumlazimisha mchezaji kufikiri. Wengine hukilaumu kwamba kinaua ovyo na hakina hadithi.

Mwaka huohuo alitoa visa 3 vya vita dhidi ya majitu, kisha 3 vingine vinavyowafuata maadui hadi mji uliofichwa chini ya ardhi. Ubora wake uko katika muunganiko: adui wa kisa kimoja ni kibaraka wa adui mkubwa zaidi wa kisa kinachofuata, na wachezaji hugundua hilo wenyewe.

The Keep on the Borderlands, yaani Ngome ya Mipakani, kiliwafikia watu wengi zaidi kwa sababu kiliwekwa ndani ya kisanduku cha wanaoanza. Kina ngome salama, pori na korongo lenye mapango ya makabila yanayogombana. Wakazi wa ngome hutajwa kwa kazi zao tu, bila majina, ili mwendeshaji ayajaze mwenyewe. Kwa njia hiyo kisa kilimfundisha mwendeshaji mpya kutunga.

Tangu mwaka 1983, kupitia Ravenloft cha Tracy na Laura Hickman, ladha ilianza kuelekea visa vyenye hadithi nzito zaidi. Faida yake ni wahusika wenye historia na hisia. Hasara, katika visa vingine vilivyofuata, ni mchezaji kubaki mtazamaji wa mambo yaliyokwisha kupangwa.

Miaka ya mwisho

Gygax alipoteza uongozi wa TSR mwaka 1985, baada ya hisa nyingi kununuliwa na Lorraine Williams, na mwaka uliofuata akaondoka kabisa. Hivyo mchezo aliousaidia kuzaliwa ukabaki mikononi mwa wengine. Mwaka 1987 alimwoa Gail Carpenter, wakapata mtoto mmoja. Alitunga michezo mingine, ikiwemo Lejendary Adventure, lakini haikufikia umaarufu wa ule wa kwanza. Alipatwa na kiharusi mwaka 2004, akafariki Lake Geneva mwaka 2008.

Urithi

Mwaka 2004 jarida la Dungeon lilipanga visa 30 bora vya mchezo huo. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa mkusanyiko wenye visa vyake vya majitu, na Tomb of Horrors kikashika nafasi ya 3. Dhana ya wahusika wanaopanda ngazi kwa uzoefu, iliyoenezwa na Dungeons & Dragons, leo hupatikana katika michezo mingi ya kompyuta.