Mwalimu Nyerere na Bustani za Mji Wetu

Ndugu zetu wana Dodoma, mlio nyumbani na mlio mbali, mwaka huu tunamkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Tumemchagua kwa sababu mchango tunaouomba, wa kuboresha bustani za umma na maeneo ya wazi, unagusa kazi aliyoianza kwetu na ambayo haijakamilika.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Tabora na Pugu, kisha akaacha ualimu ili kuiongoza TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata Uhuru. Hayo watoto wetu huyasoma shuleni. Ya kwetu Dodoma hayasimuliwi sana.

Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, Mwalimu alikuja kukaa Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Wazee wetu wanakumbuka jambo hilo kwa heshima. Wanakumbuka pia kwamba katika operesheni hiyo si kila kaya ilihamia kijiji kipya kwa hiari. Tunayataja yote mawili, kwa kuwa yote yanatufundisha: kazi ambayo watu wamekubaliana huwa na wenyewe, na kazi waliyopangiwa tu hukosa wa kuitunza.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, baada ya matawi yake nchini kuulizwa maoni. Ndipo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi wetu tuliijua kwa jina la CDA. Mpango mkuu wa mji, uliochorwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada, ulitoka mwaka 1976. Ulichora mji wa waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi, wenye miti na bustani kati ya makazi, unaofuata vilima vyetu.

Fedha hazikutosha. Bei ya mafuta ilipanda, na vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vikamaliza akiba. Mwalimu alipong'atuka urais mwaka 1985, ofisi nyingi zilikuwa bado Dar es Salaam. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Serikali ilianza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Leo Ikulu iko Chamwino, na katikati ya jiji ipo bustani yenye jina la Mwalimu.

Bustani moja katikati ya mji haiwezi kuwatosha watoto wa mitaa yote. Jiji linapanuka, na eneo la wazi lisilotunzwa huanza kuwa jalala, kisha siku moja tunakuta limewekewa mawe ya mipaka. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili. Mti uliopandwa kwa sherehe, ukakosa wa kuumwagilia hadi Novemba, hufa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, pendekezo litoke kwenu. Lijadiliwe katika mkutano wa mtaa, lipite kamati ya maendeleo ya kata, lifike halmashauri, na mipaka ya eneo ithibitishwe kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Pili, kila pendekezo litaje kamati ya kutunza: nani atamwagilia, nani atafagia, maji yatatoka wapi kiangazi. Tatu, tuchangie. Mwenye fedha atoe fedha. Mwenye miche ya mwarobaini, tofali, benchi, pipa la maji au siku moja ya nguvu zake, alete hicho. Kila kilichopokelewa na kilichotumika kisomwe mbele ya wakazi.

Mwalimu aliweka mikono yake kwenye udongo wa Chamwino akiwa Rais. Sisi ambao udongo huu ni wetu kwa kuzaliwa, tusisubiri tuletewe kivuli. Karibuni tuchangie.