Alec Issigonis: Aligeuza injini, abiria wakapata pa kuweka miguu

Simama Mbagala au Tegeta jioni uangalie Toyota IST na Vitz zinavyopita. Gari fupi, boneti ndogo, lakini ndani wamekaa watu wazima wanne na mizigo yao. Mtu aliyeueneza mpangilio huo duniani ni Alec Issigonis.

Alizaliwa Novemba 18, 1906, mjini Smyrna, leo Izmir, Uturuki. Baba Mgiriki mwenye uraia wa Uingereza, mama Mjerumani. Mwaka 1922 vita viliwakimbiza. Waingereza wakawapeleka Malta, baba akafia huko. Alec na mama yake wakaenda kuanza upya Uingereza. Chuoni Battersea alifeli hesabu mara tatu, ila kwenye kuchora alikuwa moto wa kuotea mbali.

Gari lake la kwanza kutamba ni Morris Minor ya 1948. Lilipokaribia kuingia kiwandani aliliona jembamba mno. Akaagiza gari la majaribio likatwe katikati kwa urefu, vipande vikasogezwa mpaka akaridhika. Likaongezeka upana inchi 4, kama sentimita 10. Bampa zilishatengenezwa, ikabidi zikatwe na kuungwa kipande katikati.

Mwaka 1956 mgogoro wa Mfereji wa Suez ulileta mgao wa petroli Uingereza. Bosi wa kampuni ya BMC, Leonard Lord, akataka gari dogo haraka. Issigonis alianza na nafasi ya watu, injini ikafuata. Aliikalisha kwa upana wa gari, giaboksi akaiweka chini yake, akafunga tairi za inchi 10 na mpira badala ya springi za chuma.

Gari lilikuwa na urefu wa mita 3 hivi, lakini karibu asilimia 80 ya sakafu ilibaki kwa watu na mizigo. Hata milango ilifanywa myembamba ili viwiko vipate nafasi. Mini ikazinduliwa Agosti 26, 1959.

Hakuwa wa kwanza kukalisha injini hivyo, ila Mini ndiyo iliyowashawishi wengi. Baadaye Dante Giacosa wa Fiat alihamishia giaboksi ubavuni mwa injini, na ndivyo zilivyo IST za leo.

Kwa dereva, hata hivyo, Issigonis alikuwa mgumu. Aliamini anayekaa raha sana husinzia. Siti ya Mini ilikuwa wima, usukani umelala kama wa basi, na redio hakuitaka kabisa. Dereva wa teksi ya mtandao anayeshinda kwenye siti tangu alfajiri atambishia: mgongo ukiuma, umakini nao unapungua.

Alipewa heshima ya Sir mwaka 1969, akafariki Oktoba 2, 1988. Mini yake iliendelea kutengenezwa hadi 2000, zikiwa zimetoka zaidi ya milioni 5.