Mwepu Ilunga: Beki Mwenye Dunia Ilimcheka, Kumbe Jamaa Alikuwa Amegoma

Hiyo klipu ushaiona, usinidanganye. Labda ilitumwa kwa grupu ya WhatsApp, labda uliiona kwa skrini ya mathree ukitoka tao ukienda Kangemi. Ni Kombe la Dunia, Brazil wamepata frikiki karibu na boksi ya Zaire. Ukuta umepangwa. Refa anapuliza filimbi, na kabla Mbrazil yeyote aguse mpira, beki mmoja anachomoka mbio kutoka kwa ukuta na kuupiga teke hadi huko mbali. Wabrazil wanaduwaa. Refa anatoa kadi ya manjano. Wewe unacheka mbavu zinauma.

Mimi pia nilicheka. Mara ya kwanza niliiona kwa duka la simu hapa River Road, nikingoja skrini yangu ibadilishwe. Tulicheka duka mzima, tukairudia kama mara tano hivi. Hakuna hata mmoja wetu aliuliza huyo jamaa ni nani. Miaka ikapita nikasoma story yake yote, na wacha nikwambie, kicheko kiliisha hapo hapo.

Jamaa anaitwa Mwepu Ilunga. Alizaliwa Agosti 1949, akapewa jina Joseph. Hilo la Joseph lilipotea wakati Rais Mobutu aliamua watu waache majina ya kizungu. Mobutu ndiye pia alibadilisha jina la nchi mwaka wa 1971, Congo ikawa Zaire. Timu ya taifa nayo ikawa Leopards, na chui mkubwa akachorwa kwa jezi. Mashabiki wa Ingwe mnaosoma hii, mna ndugu huko.

Mwepu alichezea TP Mazembe ya Lubumbashi, mji wenye watu wanaongea Kiswahili, chao kiko na ladha yake lakini mngeelewana tu. Na Mazembe si ya juzi. Zamani ikiitwa TP Englebert ilichukua kombe la klabu bingwa Afrika mwaka wa 1967 na 1968, na ikafika fainali nne mfululizo kuanzia 1967 hadi 1970. Hiyo ndiyo klabu ya Mwepu. Beki wa kulia, mgumu, haogopi mtu.

Desemba 1973, Zaire iliichapa Morocco 3-0 kule Kinshasa na kufuzu Kombe la Dunia. Ilikuwa timu ya kwanza kabisa kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Sisi na Harambee Stars yetu tunajua hiyo safari ni ngumu aje. Machi 1974 wakaenda Misri wakabeba Kombe la Afrika. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, Zaire wakashinda 2-0. Straika wao Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 kwa hayo mashindano. Mwepu alikuwa kwa hicho kikosi.

Mobutu akafurahi sana. Wachezaji wakapewa nyumba, wakapewa magari. Vijana wa mtaa wakawa wazito. Wakapanda ndege kwenda Ujerumani Magharibi wakijua wakirudi doh itakuwa mob zaidi.

Hapo ndipo mambo yaliharibika.

Mechi ya kwanza ilikuwa Juni 14, 1974, mjini Dortmund, dhidi ya Scotland. Walipigwa 2-0, lakini walicheza ball ya heshima. Halafu wakagundua kuwa marupurupu yao hayako. Waheshimiwa walioandamana na timu walikuwa wengi, pesa ndiyo haikuonekana. Wachezaji wakasema hawaingii uwanjani mechi ya pili. Wakabembelezwa hadi wakakubali kuvaa jezi, lakini roho zilibaki hotelini.

Matokeo? Yugoslavia 9, Zaire 0. Baada ya bao la tatu, dakika ya 21 tu, kocha alimtoa kipa Kazadi akaingiza mwingine. Kocha mwenyewe, Blagoje Vidinić, alikuwa Myugoslavia, kwa hivyo unaweza kufikiria maneno yaliyosemwa Kinshasa. Kwa hiyo mechi refa alipigwa teke matakoni, na Ndaye ndiye alionyeshwa kadi nyekundu. Kumbe aliyepiga alikuwa Mwepu. Refa hakuweza kuwatofautisha. Ndaye akakosa mechi ya Brazil kwa kosa ambalo si lake, na hilo huwezi kumsamehe Mwepu hivi hivi. Simwandikii hapa kama malaika. Alikuwa mtu amekasirika na hakujua hasira aipeleke wapi.

Sasa skiza vizuri. Baada ya hayo mabao tisa, Mobutu hakucheka. Mwepu alisimulia miaka mingi baadaye kuwa walinzi wa rais walifika hotelini, wakafunga milango, waandishi wa habari wakabaki nje. Wachezaji wakaambiwa kitu kimoja: wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, wasithubutu kurudi nyumbani.

Na Brazil ndio walikuwa mabingwa wa dunia. Zaidi ya hapo, walikuwa wanahitaji mabao. Walikuwa wametoka sare ya 0-0 na Yugoslavia na sare nyingine ya 0-0 na Scotland. Ili waiache Scotland nyuma na kuendelea, ilibidi waifunge Zaire angalau matatu. Piga hesabu hapo. Matatu ndiyo Brazil walitaka, na ya nne ndiyo ingewafanya akina Mwepu wakose kwenda kwao.

Juni 22, Gelsenkirchen. Jairzinho akafunga la kwanza dakika ya 12. Rivellino la pili dakika ya 66. Valdomiro la tatu dakika ya 79. Ni kwa hizo dakika za lala salama ndio ile frikiki ilitokea. Yule unayemwona akitoka nduki kwa ukuta hajapaliliwa mshahara, ana vitisho vya rais kichwani, na kwa jukwaa wameketi wakubwa ambao, kwa maelezo yake, ndio wangefaidika na jasho lake.

Mwepu alisema wazi kuwa sheria alizijua na alifanya hivyo makusudi. Alitaka apewe kadi nyekundu atoke zake. Hakuona kwa nini avunjike mguu kwa ajili ya watu waliomnyima haki yake. Refa Rainea kutoka Romania akampa ya manjano tu, na Mwepu akabaki uwanjani anabishana.

Ulaya ikasema huyo Mwafrika hajui ball. Hebu fikiria tu: bingwa wa Afrika, mtu wa Mazembe, kweli hajui frikiki inapigwa na nani? Lakini hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na kila Kombe la Dunia likikaribia, klipu inarudishwa kwa orodha ya vituko. Sisi tunaisambaza na emoji za kucheka machozi.

Wewe ushawahi kupiga mjengo wiki mzima, Jumamosi ikifika foreman anazima simu? Jumatatu ukiitwa tena, utabeba mawe na ile nguvu ya kwanza? Unajua vile huwa. Unafika, unavuta miguu, unangoja wakufukuze. Tofauti yako na Mwepu ni kuwa yake ilionekana na dunia nzima na hakuna aliyejua ni mgomo.

Mechi iliisha 3-0. Brazil wakaendelea. Scotland wakaenda nyumbani bila kushindwa mechi hata moja. Zaire nao wakarudi nyumbani kwa sababu ya nne haikuingia. Lakini hakukuwa na sherehe. Mobutu akaacha ball, na Oktoba hiyo hiyo akaleta Muhammad Ali na George Foreman wapigane Kinshasa. Dunia ikahamia huko, mabeki wakasahaulika.

Ndaye mwenyewe alipigwa risasi mguuni na majambazi mwaka wa 1994, akaishia kuwa mkimbizi Afrika Kusini. Mwaka wa 1998 ikatangazwa kimakosa kuwa amekufa, na kwa Kombe la Afrika watu wakasimama kimya dakika moja, na yeye yuko hai. Alifariki 2019.

Mwepu alibaki Congo, na maisha yakamkalia ngumu. Alikuwa anajivunia kuwa alivaa ile jezi ya chui. Lakini alikiri pia kuwa angejua mpira ungemwacha maskini hivyo, angeshika jembe awe mkulima. Alifariki Kinshasa Mei 8, 2015, baada ya kuugua kwa muda mrefu, akiwa na miaka 65. Miezi michache baadaye, Novemba, Mazembe yake ikabeba tena ubingwa wa Afrika, na Mbwana Samatta wetu wa Tanzania akiwa mbele pale. Mzee hakuiona.

Kwa hivyo hiyo klipu ikirudi kwa grupu yenu, na itarudi tu, cheka kama lazima, mbio zake zinachekesha kweli. Lakini usiipeleke mbele bila jina. Andika hapo chini: Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, bingwa wa Afrika 1974. Hakuwa amelipwa.